Theluji ya kupaka rangi haiwafai vijana wetu wa sekondari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa huu wa barua nipate kutoa dukuduku langu juu ya jambo ambalo wasomaji wengi wataliona dogo. Kwangu mimi niliyefundisha uchoraji katika shule za sekondari mkoani Iringa mpaka nikastaafu, si dogo hata kidogo. Jambo lenyewe ni hizi karatasi za kupaka rangi wanazopewa wanafunzi wa somo la uchoraji kila sikukuu inapokaribia, na hasa Krismasi.

Mwaka jana mwezi wa Desemba mjukuu wangu wa kike, aliyekuwa kidato cha tatu katika shule moja ya Mbeya, alikuja kwangu Iringa kwa likizo. Alishuka kwenye basi na begi lake na bahasha kubwa ya kaki ambayo hakutaka kondakta aiguse. Nikamwuliza imebeba nini. Akanijibu, "Kazi ya likizo ya uchoraji, Babu." Nilifurahi sana, maana katika watoto na wajukuu wangu wote ni huyu peke yake aliyerithi mkono wangu. Usiku ule ule tukaifungua bahasha mezani.

Ndani mlikuwa na karatasi 12 za fotokopi. Ya kwanza ina Baba Krismasi amepanda gari lisilo na magurudumu, linavutwa na wanyama wa nchi za baridi wenye pembe kama matawi. Ya pili ina nyumba yenye dohani na paa lililofunikwa theluji. Nyingine ina soksi zimetundikwa juu ya meko, nyingine ina mtu aliyefinyangwa kwa theluji na pua ya karoti, na zilizobaki ni hivyo hivyo. Mistari yote imekwisha chorwa na mtu mwingine ambaye hatumjui. Kazi ya mwanafunzi ni kujaza rangi bila kuvuka mstari.

Nilimwuliza mbona paa lile amelipita bila kulipaka rangi. Akasema, "Theluji huachwa nyeupe, Babu, karatasi yenyewe inatosha." Hata hapo sikukasirika. Kesho yake asubuhi bibi yake alikuwa barazani, ameketi kwenye mkeka anapukuchua mahindi, na jua la asubuhi linampiga upande mmoja wa uso. Nikampa mtoto karatasi tupu na penseli, nikamwambia, "Mchore bibi yako jinsi unavyomwona." Alikaa kimya muda mrefu. Akamtazama bibi, akaitazama karatasi, akamtazama tena bibi. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Babu, mistari yake iko wapi?"

Ndugu Mhariri, swali hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kabla sijaendelea ni lazima niseme ukweli, wasije wakanicheka wale niliowafundisha. Mimi mwenyewe nimezigawa karatasi za namna hiyo. Katika miaka ya 1980 rangi hazikupatikana madukani, na hata karatasi ilikuwa ya kutafutwa kwa tochi. Nilikuwa nikichora kwenye stensili, nikazungusha mashine ya kudurufu ya shule hadi mikono yote inakuwa myeusi, nikawapa vijana wapake kwa chochote walichonacho. Kwa hiyo simlaumu mwalimu mwenzangu kana kwamba mimi ni malaika. Mwalimu mwenye darasa la wanafunzi zaidi ya 60, asiye na brashi 10 katika kabati, ambaye wiki ya mwisho ya muhula anatakiwa asahihishe mitihani, ajaze ripoti na kusimamia usafi, atafanya nini? Anafungua simu, anapata picha, anapeleka kwenye duka la fotokopi, kazi imekwisha. Ninamwelewa kabisa. Lakini kumwelewa si kukubali kwamba jambo hili liendelee.

Maana tazameni matokeo yake. Baba yake mtoto huyu, yaani mwanangu, alikuja kumchukua mwanzoni mwa Januari. Akazikuta zile karatasi mezani, akazigeuza moja moja, akaniambia, "Mzee, mimi nalipa ada na nauli ili binti wa miaka 16 apake rangi kama mtoto wa shule ya vidudu? Bora aliache hili somo, ashike hesabu na biashara." Nilijaribu kumweleza. Nilimweleza kwamba nguo aliyovaa ilichorwa na mtu kabla ya kufumwa, kwamba nyumba anayoijenga Mbeya ilianza kwenye karatasi ya mchoraji. Akanisikiliza kwa heshima kama mtoto anavyomsikiliza baba yake, lakini macho yake yalikuwa kwenye yule mtu wa theluji mwenye pua ya karoti. Mzazi hahudhurii darasani. Anachokiona ni kile kinachoingia nyumbani katika bahasha. Somo la uchoraji tayari linadharauliwa katika shule nyingi, linaitwa somo la wasioweza Fizikia, na sisi walimu tunawapa wenye dharau ushahidi wa kuonyesha.

Sasa niseme juu ya hiyo theluji. Wanafunzi hao hao, katika kipindi cha Jiografia, wanafundishwa kwamba Desemba ni majira ya baridi katika nusu ya kaskazini ya dunia na kwamba kwetu kusini mwa Ikweta mambo ni kinyume. Kila mtu wa Nyanda za Juu Kusini anajua baridi yetu ni Juni na Julai. Saba Saba inatukuta tumevaa makoti, na huko Makete na milima ya Uporoto asubuhi majani yanakutwa yameungua kwa sakitu. Desemba ni mwezi wa mvua, wa kupanda na kupalilia, wa matope kwenye viatu. Mwanafunzi anatoka kipindi kimoja akiwa amejua hivyo, anaingia kingine anapewa Desemba ya Ulaya aipake rangi. Hakuna anayeona ajabu.

Tena hata huyo Baba Krismasi tunayemchukulia kama sehemu ya dini ana wachoraji wake, na ni watu wanaojulikana. Mtakatifu Nikolao mwenyewe alikuwa askofu wa Myra, mahali palipo leo katika nchi ya Uturuki, wala hakuwa na gari la theluji. Sura ya mzee mnene mwenye ndevu ilianza kuchorwa na Thomas Nast katika gazeti la Harper's Weekly la Marekani mwaka 1863, na kuanzia mwaka 1931 mchoraji Haddon Sundblom akaisambaza duniani kwa matangazo ya Coca-Cola. Siwalaumu mabwana hao. Walikuwa wachoraji hodari, walitazama watu wa kwao na baridi ya kwao wakachora. Kosa ni letu sisi tunaodhani kazi ya mwanafunzi wa Mbeya ni kujaza rangi katika mistari yao.

Wako watakaosema kwamba napinga Krismasi. Sivyo. Mimi ni Mkristo na Krismasi naisherehekea. Ninachouliza ni hiki: Krismasi ya Mbeya ina sura gani? Ina kuku aliyefungwa miguu kwenye baiskeli. Ina foleni ya watoto kwa fundi cherehani, wakilia kwamba gauni halijamalizika. Ina stendi iliyojaa watu wanaorudi kutoka Dar es Salaam na mabegi yaliyofungwa kamba, na mafyulisi kwenye ndoo kando ya barabara. Sijawahi kuona karatasi ya kupaka rangi yenye vitu hivi. Na katika darasa lile lile wamo vijana wa Kiislamu, ambao wanapewa karatasi 12 za Krismasi na hawapewi hata moja ya Idd. Au kwa kuwa Idd husogea siku kama 10 au 11 kila mwaka, mwalimu hana picha yake tayari? Basi mwacheni kijana mwenyewe aichore Idd ya nyumbani kwao.

Tuna siku nyingine pia ambazo hazina dini. Mwanafunzi wa Iringa anaweza kupewa kazi ya Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, akaenda Kalenga kwa miguu au kwa daladala. Ngome ya Mtwa Mkwawa ilivunjwa na Wajerumani mwezi wa Oktoba mwaka 1894, yeye mwenyewe akafa mwezi wa Julai mwaka 1898 kwa kukataa kushikwa akiwa hai, na fuvu lake lililopelekwa Ujerumani lilirudishwa Kalenga mwaka 1954. Lipo kwenye makumbusho. Mwambieni kijana achore ukuta wa ngome kabla haujavunjwa. Hapo hana mistari ya mtu ya kujaza. Lazima aulize wazee, asome, apime kwa macho, afikiri jua lilikuwa upande gani. Wa Mbeya apewe Nane Nane. Uwanja wa John Mwakangale hauko mbali na shule nyingi za mjini, na ng'ombe wa maonyesho husimama kimya vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kunikalia nimchore.

Na kama mwalimu anataka kazi rahisi ya kupaka rangi kwa ajili ya sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba, aanze na bendera ya Taifa. Msicheke. Katika miaka yangu yote ya kufundisha sikuwahi kupata darasa ambalo wote waliipaka sawa mara ya kwanza. Wapo walioweka buluu juu na kijani chini, wapo walioupindua mlalo wa ule mstari mweusi, na wengi walisahau kwamba weusi ule umepakana na mistari miwili ya dhahabu. Wanaiona kila asubuhi mstarini, lakini kuona na kutazama ni vitu viwili.

Nisieleweke kwamba kupaka rangi katika mistari ni kazi ya kitoto wakati wote. Hapana. Marehemu Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyefariki Dar es Salaam mwaka 1972, alitumia rangi za kung'aa za baiskeli na nyumba juu ya mbao laini za dari, na picha zake ni mistari safi iliyojazwa rangi kamili. Dunia nzima inazijua. Lakini chui wale na ndege wale aliwachora yeye. Hata katika darasa langu niliwahi kutumia picha moja ya mistari kwa faida: kila mwanafunzi alipewa nakala tatu za chungu kile kile, moja aipake kwa rangi moja tu kuanzia nyeupe hadi nyeusi, ya pili kwa rangi za joto kana kwamba ni jioni, ya tatu kwa rangi za baridi kana kwamba ni alfajiri. Kazi hiyo humfundisha mtoto jinsi mwanga unavyobadili kitu. Tofauti ni kwamba mistari ile walikuwa wameichora wenyewe wiki iliyotangulia, tukachagua mmoja uliokuwa bora, aliyeuchora akatamba shuleni muhula mzima.

Kuhusu uhaba wa rangi, ambao ndio kisingizio cha kwanza na kwa kweli ni kisingizio cha haki, niseme machache niliyoyajaribu kwa mikono yangu. Mikoa yetu hii imejaa rangi chini ya nyayo. Ukisafiri kutoka Iringa kwenda Mbeya kwa barabara kuu, ukipita Mafinga, Makambako, Igawa na Chimala, udongo wa kingo za barabara unabadilika kutoka mwekundu wa damu hadi wa manjano, kahawia, na mahali pengine karibu mweupe. Chota kila mmoja katika kopo. Uponde, uuloweke katika maji mengi, ukoroge, subiri mchanga utulie chini, kisha mimina yale maji yenye rangi katika chombo kingine kupitia kitambaa. Ukiyaacha siku mbili tatu rangi itatuama. Mwaga maji, ianike, isage. Ukitaka kuitumia, changanya na kiini cha yai na maji kidogo. Rangi hii ikikauka haitoki kirahisi. Kiini cha yai ndicho wachoraji wa makanisa ya Ulaya walichotumia kwa karne nyingi kabla rangi za mafuta hazijaenea, kwa hiyo asije mtu akasema ni ufundi wa kimaskini. Nyeusi chukua masizi ya kibatari au mkaa uliosagwa. Manjano kali tumia binzari, ingawa ikikaa juani hufifia. Kijani cha majani usijisumbue nacho, kinakuwa kahawia baada ya wiki. Shida kubwa ni buluu, haipatikani kwenye udongo wetu. Mimi nilitumia buluu ya kufulia nguo, na mbingu zangu zilikuwa nzuri.

Wala si jambo jipya. Karibu na mji wa Iringa, mahali panapoitwa Igeleke, kuna michoro myekundu kwenye jiwe, ya watu na wanyama, iliyochorwa na watu wa kale ambao majina yao hatuyajui. Mvua na jua havijaimaliza. Wakisi wa mwambao wa Ziwa Nyasa wanapamba vyungu vyao wanavyouza Matema, na akina mama wa Kihehe wanasuka vikapu vya milulu vyenye mapambo ambayo mwanafunzi yeyote wa kidato cha tano angetoka jasho kuyapanga. Wakati wa likizo kijana akae nusu siku na mama mmoja wa vikapu, anakili pambo moja, aulize kwa nini limepangwa hivyo. Hiyo ndiyo kazi ya likizo. Haihitaji fotokopi hata moja.

Na kama walimu wa Mbeya bado wanataka Desemba iwe na uzuri wa ajabu kwenye karatasi, wautafute Kitulo. Uwanda ule ulio juu, mita kama 2,600 kutoka usawa wa bahari, ambao watu wanauita Bustani ya Mungu, umekuwa Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2005, na maua yake huanza kuchanua wakati huo huo mvua zinapoanza. Aina za okidi peke yake ni zaidi ya 40. Watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kuyaona maua hayo, na watoto wetu walio upande wa pili wa mlima wanapaka rangi msonobari wenye taa. Najua si kila shule ina gari la kuwapeleka wanafunzi. Lakini wapo wanafunzi wanaotoka vijiji vya huko huko, ambao likizo wanarudi nyumbani kupita katikati ya maua hayo wakiwa na bahasha ya theluji mkononi.

Ombi langu kwa walimu wenzangu wa uchoraji ni moja tu, wala halihitaji fedha. Muhula huu kabla shule hazijafungwa, kila mwanafunzi achore mwenyewe picha moja ya mistari ya sikukuu ya nyumbani kwao. Shule moja ya Mbeya ikusanye za wanafunzi wake, shule moja ya Iringa ikusanye zake, wabadilishane kwa posta au kwa basi. Kijana wa Mbeya apake rangi picha ya mwenzake wa Iringa, na wa Iringa ya mwenzake wa Mbeya, kisha zirudi kwa wenyewe. Mtu akiona picha yake imepakwa rangi na mwingine visivyo, hapo ndipo anapoanza kufikiri juu ya rangi kwa uchungu. Wathibiti ubora wa shule nao, wanapokagua madaftari ya masomo mengine, waombe kuona na kazi ya likizo ya uchoraji. Nina hakika wengi hawajawahi kuiomba.

Mjukuu wangu hajaliacha somo, angalau mpaka sasa. Baba yake alikubali amalize kidato cha nne nalo, kwa sharti kwamba mimi ninunue rangi. Picha ya bibi yake aliichora mara tano katika likizo ile. Ya kwanza mikono ilikuwa kama reki, ya tano bibi mwenyewe aliitazama akasema, "Huyu ni mimi, ila mmenizeesha." Imetundikwa sebuleni. Zile karatasi 12 alizimaliza pia, maana zilikuwa na maksi, na alipozirudisha shuleni alipata 92 kwa 100. Mtoto akaniuliza kwa simu kama picha ya bibi ingepata ngapi. Sikuwa na jibu la kumpa.

Atakuja tena Desemba. Nimekwisha kumwekea makopo matatu ya udongo na pakiti mbili za buluu ya kufulia.

Mwalimu Mstaafu wa Uchoraji,
Iringa.